Chaki, glavu au mzee wa watu: ualimu, uuguzi na kazi ya kutunza nchini Uganda

Matokeo ya S.4 na S.6, yaani kidato cha nne na cha sita, yakishatoka, simu yangu hapa Busia, mpakani na Kenya, haipumziki. Leo ni mpwa, kesho mtoto wa jirani, keshokutwa binti wa mama anayetuuzia mukene, wale dagaa wetu. Swali ni lilelile: "Shangazi, nisomee ualimu au unesi?" Siku hizi limeongezeka la tatu: "Au niende tu nikatunze wazee?" Wananiuliza mimi kwa sababu nyumbani kwetu kazi hizo tumegawana kama urithi. Nimeshika chaki miaka kumi na miwili, saba katika shule ya mtu binafsi na mitano katika shule ya serikali. Dada yangu mkubwa ni mkunga. Mdogo wetu wa mwisho alikwenda Saudia kufanya kazi za ndani, akarudi, na sasa anamtunza mzee wa watu huko Kampala. Tukikutana Krismasi hakuna anayekubali kwamba kazi ya mwenzake ni ngumu kuliko yake.

Ninayoandika hapa ni yale ninayowaambia vijana wakinipigia, pamoja na mengine ambayo kwenye simu muda wa maongezi huwa hauyatoshi.

Uliza kwanza nani atakulipa

Vijana huanza na jina la kazi. Mimi ningeanza na mlipaji. Mwalimu wa serikali na mkunga wa serikali wanafanana maisha kuliko mwalimu wa serikali anavyofanana na mwalimu wa shule ya binafsi iliyo ng'ambo ya barabara. Aliyeingia kwenye orodha ya mishahara ya serikali ana barua ya kuajiriwa, ana likizo, akijifungua anapewa siku 60 za kazi zenye mshahara, na akistaafu akiwa na miaka 60 kuna pensheni. Akiugua mwezi mzima, mshahara unaingia. Akitumwa sehemu ambazo serikali imeziorodhesha kuwa ngumu kufikika, kama Karamoja au visiwa vya Kalangala, kuna nyongeza ya asilimia 30 juu ya mshahara wake.

Nje ya orodha hiyo unategemea roho ya mwenye shule au mwenye kliniki. Kima cha chini cha mshahara Uganda kiliwekwa mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, na mpaka leo ndicho hichohicho. Nenda nazo dukani uone kama utapata kilo mbili za sukari. Bunge lilipitisha mswada wa kuanzisha utaratibu mpya mwaka 2019, rais hakuutia saini. Kwa hiyo mwajiri wa binafsi anakupangia anavyotaka. Katika shule yangu ya kwanza nililipwa mshahara kamili muhula wa kwanza, nusu muhula wa pili, na muhula wa tatu nikapewa gunia la mahindi na maneno matamu. Dada naye alianzia kliniki ya mtu kwa shilingi 250,000, na chumba alichopewa ndicho kilikuwa stoo ya dripu. Mgonjwa akigonga saa nane usiku, aliyekuwa zamu ni yeye, kwa sababu hakukuwa na mwingine.

Kuna jambo moja la kuuliza siku ya kwanza, hata kama unaona haya: NSSF, yaani mfuko wa taifa wa akiba ya uzeeni. Tangu sheria ibadilishwe mwaka 2022, kila mwajiri anatakiwa kuchangia, hata mwenye mfanyakazi mmoja tu. Wewe unakatwa asilimia 5, yeye anaongeza 10. Mwajiri akikuambia "hayo tutaongea baadaye", ujue hamtaongea.

Kuingia serikalini nako si kesho asubuhi. Nafasi hutangazwa wilaya ikipata fedha za mishahara. Nimewaona walimu waliohitimu wakangoja miaka minne, na wauguzi wakajitolea kituo cha afya bila malipo wakitarajia siku moja jina lao litabandikwa ukutani. Hapo ualimu na uuguzi ni sare.

Mambo ya Julai 2022

Mwalimu wa Gredi ya Tatu, yaani mwenye cheti tu cha ualimu, wa shule ya msingi ya serikali hupata takriban shilingi 500,000 kwa mwezi kabla ya makato. Mwalimu wa sekondari mwenye shahada ya masomo ya sanaa, yaani historia, dini, fasihi, lugha, hupata kama milioni moja na laki moja. Mwenzake mwenye shahada ya sayansi alipandishwa Julai 2022 hadi milioni 4. Wanatumia chumba kimoja cha walimu, wanasahihisha mitihani ya mtoto yuleyule, mmoja anapata karibu mara nne ya mwingine. Chama cha walimu UNATU kilikuwa kimegoma Juni ya mwaka huohuo kwa ajili hiyo. Juni 2025 walimu wa sanaa wa sekondari waligoma tena, kwa sababu pengo halikuwa limezibwa.

Wauguzi na wakunga wa serikali walihesabiwa upande wa sayansi, nao mishahara yao ikapanda. Dada hakusema neno kwenye simu siku ile, alinitumia tu picha ya ujumbe wa benki. Kwa hiyo ukiwa na alama nzuri za baiolojia, kemia na fizikia, hesabu ya pesa peke yake inakusukuma kwenye uuguzi au kwenye ualimu wa sayansi, na ualimu wa shule ya msingi unabaki nyuma kabisa.

Sasa hili linatuhusu sisi tunaozungumza Kiswahili. Katika Julai hiyohiyo ya 2022, Baraza la Mawaziri lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kutaka kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulikuwa umekwisha kukiweka kuwa lazima S.1 na S.2. Walimu hawatoshi. Kijana wa Busia, Arua au Bombo aliyekua na lugha hii mdomoni ana mtaji ambao mwenzake wa Masaka anaununua darasani. Ila Kiswahili ni somo la sanaa. Serikali inakuhitaji sana, na inakulipa upande ule wa milioni moja. Mimi nilicheka nilipoona, kisha nikanyamaza.

Halafu kuna mlango unaofungwa. Sera ya Taifa ya Walimu ya 2019 inataka kila mwalimu, hata wa chekechea, awe na shahada, na ile njia ya vyuo vya ualimu vya Gredi ya Tatu baada ya S.4 inaondolewa. Zamani mtoto wa maskini alisoma ualimu kwa sababu ulikuwa mfupi na rahisi. Leo uuguzi ndio wenye njia fupi: cheti ni miaka miwili na nusu baada ya S.4, ukiwa na Kiingereza, hisabati na zile sayansi tatu. Wengi bado hawajalijua hilo. Wazazi wananiambia "aende tu ualimu, ni wa haraka", nami nawaambia hiyo ilikuwa enzi yangu.

Siku inavyokwenda

Mwalimu huamka kabla ya jogoo. Kwenye shule zetu nyingi watoto wa P.7, darasa la saba, wapo darasani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na mwalimu ambaye mtoto amemtangulia huandikwa. Mchana unasimama mbele ya watoto themanini, mia, mia na ishirini. Kwetu mpakani kuna watoto wanaovuka kutoka upande wa Kenya kuja kusoma, hivyo darasa hujaa zaidi. Chakula cha mwalimu kinategemea kama wazazi wamechanga. Jioni unabeba madaftari mia moja nyumbani, na asubuhi mwalimu mkuu anataka andalio la somo. Koo linakauka, miguu inavimba, chaki inaingia kifuani.

Lakini usiku unalala. Jumapili unakwenda kanisani. Na mwaka una likizo tatu ambazo, ukiacha kochingi za chini kwa chini ambazo serikali inazikataza, ni zako. Mimi nyumba yangu nimeijenga kwa likizo hizo: kuku, bustani ya sukuma, na kununua mahindi wakati wa mavuno. Mwalimu asiye na kitu pembeni utamjua: kadi yake ya ATM inakaa kwa mkopeshaji, naye anapewa kilichobaki.

Muuguzi hana Jumapili. Ana zamu. Katika kituo cha afya cha ngazi ya tatu usiku unaweza kuwa wewe, mlinzi na mama watatu wenye uchungu. Dada huniambia kinachomchosha zaidi ni kusema "hakuna". Dawa zinaletwa na bohari ya taifa kila baada ya miezi miwili, na mwezi wa pili ukifika katikati, rafu ni tupu. Mgonjwa haioni bohari, anamwona sista. Anayetukanwa ni sista, na anayeshukiwa kuiba ni yuleyule. Kikosi cha ukaguzi cha Ikulu kimekuwa kikiwakamata wahudumu tangu 2009, wengine kwa haki, lakini hofu inawaingia wote.

Muuguzi naye ana cha pembeni. Mwenye usajili anaweza kuomba leseni ya duka dogo la dawa, na kwenye kijiji chenye barabara mbovu duka hilo ndilo hospitali. Wengine hushika zamu za ziada kwenye kliniki. Pesa inaingia haraka kuliko kuku wangu, ila usingizi unaisha.

Ugonjwa unapoingia nchini

Hili sitalipita haraka, kwa sababu hapa ndipo kazi hizi mbili zinapoachana kabisa. Ugonjwa ukiingia, mwalimu hufungiwa nje na muuguzi hufungiwa ndani.

Machi 2020 shule zilifungwa. Madarasa mengi hayakufunguliwa tena hadi tarehe 10 Januari 2022, karibu miaka miwili, muda mrefu kuliko nchi nyingine yoyote. Walimu wa serikali walilipwa. Sisi wa binafsi hatukulipwa. Mimi niliuza maandazi barabarani ambako malori yanapanga foleni ya kuvuka, na wanafunzi wangu wa zamani wakanunua wakiniita "madam" kwa aibu, hawajui waangalie wapi. Mwenzangu wa hesabu aliendesha boda na hakurudi tena darasani. Shule ile yenyewe ikageuzwa nyumba ya wageni.

Dada miezi hiyo alitembea kwa miguu kilomita saba kwenda zamu, maana magari na boda zilikuwa zimezuiwa, na mama wajawazito hawakuzuiwa kupata uchungu. Kisha Ebola. Tarehe 20 Septemba 2022 ilitangazwa Mubende, ikaisha Januari 2023, na kati ya watu 55 waliothibitishwa kufa nayo walikuwamo wahudumu wa afya saba. Januari 2025 ilitangazwa tena, na mgonjwa wa kwanza kujulikana alikuwa muuguzi wa Mulago, hospitali kuu ya taifa. Wazee wanakumbuka Gulu mwaka 2000, na Dkt. Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor aliyekufa Desemba 5 baada ya kuwauguza wauguzi wake.

Kijana akiniambia anataka unesi, namuuliza: chanjo ya homa ya ini aina ya B umechoma dozi zote tatu? Kama chuo hakijakuuliza, jiulize wewe. Sindano ikikuchoma zamuni unatakiwa kuripoti na kuanza dawa za kinga ya VVU ndani ya saa 72, na wengi huficha kwa kuogopa maneno ya wodini.

Kazi ya kutunza, ambayo kwetu haina jina

Nimetafuta neno letu la mtu anayelipwa kumwogesha mzee, kumlisha, kumgeuza kitandani. Tunasema "mtu wa kukaa na mzee". Kukosa jina kunaeleza mengi. Ukilazwa hospitali Uganda, muuguzi anatoa dawa na kutunza jeraha. Anayekufulia shuka, kukupikia uji na kukushika uende msalani ni ndugu yako aliyekuja na mkeka wake, na mara nyingi ni mwanamke. Kazi hiyo imefanywa bure kwa vizazi, kwa hiyo leo mtu akiitaka kwa pesa, anaona hata 200,000 ni nyingi.

Makao ya wazee ni machache. Linalojulikana sana ni la Nalukolongo, Kampala, la masista, ambako Papa Francis alifika Novemba 2015. Ruzuku ya wazee ya serikali ni shilingi 25,000 kwa mwezi, tena kwa waliofikisha miaka 80, nayo haimwajiri mtu. Kwa hiyo kazi ipo kwenye nyumba za wenye uwezo, Kololo, Ntinda, Muyenga, ambako watoto wako London na mama yuko peke yake na geti.

Mdogo wangu analala kwa mzee siku sita kwa wiki. Chakula kizuri, kitanda kizuri. Mkataba hana. Sheria ya Ajira ya 2006 inasema saa 48 kwa wiki na likizo ya siku 21 kwa mwaka, lakini mzee haulizi saa anapotaka maji. Mabosi wanamwita "mtoto wetu", neno tamu ambalo hutumika sana siku ya kuomba nyongeza. Na mzee akifariki, kazi inafariki siku hiyohiyo. Mara ya kwanza ilipomtokea alilia msiba mara mbili.

Saudia alikwenda kwa sababu mshahara ulikuwa riyali 900, na zikibadilishwa zilimzidi mwalimu wa Gredi ya Tatu. Ndiyo maana unawakuta walimu kwenye ndege zile. Alimpata mama wa nyumbani mwenye utu, wenzake wawili hawakubahatika hivyo. Ukiamua kwenda, hakikisha kampuni ina leseni ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, na usitoe pasipoti yako kwa wakala wa mtaani anayejulikana kwa jina moja tu. Wanaoota kutunza wazee Uingereza, wajue kwamba tangu Julai 2025 nchi hiyo imeacha kutoa viza mpya kwa watunzaji wanaoajiriwa kutoka nje. Atakayekuuzia "kazi ya kutunza UK" leo anakuuzia hewa. Muuguzi aliyesajiliwa ana njia yake nyingine, ndefu, ya mitihani.

Kuna kona moja ya kutunza ambayo Uganda inaifanya vizuri kuliko wengi: kumhudumia mgonjwa asiyepona. Hospice Africa Uganda ilianzishwa mwaka 1993 na Dkt. Anne Merriman. Mofini ya maji inachanganywa hapahapa nchini na mgonjwa haiuziwi, na tangu 2004 muuguzi aliyesomea huduma hiyo anaruhusiwa kuiandika mwenyewe. Mwenye moyo wa kutunza na kichwa cha kusoma aelekee huko. Anabaki na usajili wa muuguzi, na hafungwi kwenye nyumba ya mtu mmoja.

Nani anaridhika?

Furaha ya mkunga ni ya papo hapo. Mtoto akilia, umeshinda, na mama atampa jina lako. Dada ana wasichana sita Busia hii wenye jina lake. Ila na huzuni yake ni ya papo hapo. Yuko mama mmoja aliyepoteza damu usiku gari la wagonjwa likiwa halina mafuta. Ni miaka tisa sasa, na dada hapiti njia ile.

Mimi furaha yangu inachelewa kama mti wa mvule. Mtoto anaondoka P.7 hata kwaheri hasemi, kisha miaka kumi na tano baadaye afisa wa forodha anakuita "madam" mbele ya foleni nzima na kukubebea mfuko. Huzuni nayo inakuja polepole: kiti cha msichana kinakuwa wazi Jumatatu, Jumanne, Ijumaa, halafu unasikia ameolewa. Mvulana mwerevu kuliko wote unamkuta anavusha magunia kwa baiskeli.

Mdogo wetu hana hadithi za aina hiyo. Nilipomuuliza anaridhika na nini, alifikiri kidogo akasema: mzee akisahau majina ya watoto wake wote, langu analikumbuka.

Kama ni mimi ninayekuchagulia

Una alama nzuri za sayansi na damu haikuzungushi kichwa: soma uuguzi au ukunga, na ulenge stashahada mapema kabla ya watoto na madeni. Una alama za sayansi lakini wodi inakutisha: ualimu wa sekondari, fizikia au hisabati, na huna haja ya kuniuliza mara mbili. Unapenda lugha na historia, na kwenu kuna kipande cha shamba: ualimu wa Kiswahili utakupa kazi, na shamba litakupa ada ya watoto. Unaanza sasa kuufikiria ualimu wa msingi kwa sababu umeshindwa kwingine: nakuomba usiende, watoto mia moja watakugundua wiki ya kwanza. Unapenda watoto wadogo kwelikweli: nenda, ila hesabu gharama ya shahada. Hukumaliza S.4 na unahitaji pesa mwaka huu: kutunza mzee ni kazi ya heshima, lakini dai mkataba wa maandishi, siku ya kupumzika na NSSF, na weka akiba ya kurudi shule.

Ukiwa na Kiswahili, fikiria pia kambi za wakimbizi. Nakivale, Kyangwali na Kyaka II zimejaa Wakongo ambao Kiingereza na Kiganda haviwafai kitu wakiwa na maumivu. Kwenye vituo vya afya vya huko muuguzi mwenye lugha hii hahitaji mkalimani, na mwalimu mwenye lugha hii anaeleweka siku ya kwanza. Mikataba ya mashirika ni mifupi na fedha zao zimepungua, usivunje nyumba kwa ajili yake.

Kabla ya kulipa ada ya chuo chochote, wiki moja ya likizo nenda shule ya jirani umwombe mwalimu wa P.2 umsaidie. Halafu tafuta ndugu aliyelazwa, uchukue mkeka, ulale naye hospitali usiku mmoja. Mpwa wangu nilimwambia hivyo mwezi uliopita. Alirudi asubuhi macho mekundu, akaoga, akala chapati tatu, kisha akaniuliza fomu za ukunga zinatolewa lini.